Nyumba ya Kimetosha

Mama Shughuli alitia mdomoni kijiko cha kwanza cha maharage, akatafuna, akangoja. Hakikuja kitu. Akatafuna tena, akidhani ladha imechelewa njiani kama begi lake lilivyochelewa kule uwanja wa ndege, akameza, kisha akamtazama mkamwana wake kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. Msichana mzima, ana mikono miwili, ana jiko la umeme lenye vitufe kama redio, halafu siku ya kwanza ya mama mzaa mume anamwandalia maji ya moto yaliyopitiwa na maharage.

“Hebu nipe chumvi, baba,” alimwambia mwanawe.

Meza nzima ikanyamaza. Mwanawe aliinamia sahani yake. Mkamwana akajishughulisha kukunja kitambaa ambacho kilikwisha kunjwa. Aliyejibu alikuwa mama wa mkamwana, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea watoto wachanga, aliyekuja kumkaribisha mgeni akiwa na kipochi chake cha dawa za presha.

“Hapa hatuweki chumvi mezani, mkwe. Anayeomba chumvi anakuwa amemsema mpishi. Na sisi mpishi hatumsemi. Tunashukuru tu.”

“Mnashukuru nini? Mbona haya maharage hayana chumvi kabisa?”

“Tunashukuru,” yule mama alirudia, akatabasamu kwa upole ambao Mama Shughuli alitamani kuukwangua kwa kisu.

Tangu dakika ile akampachika jina la Bi Shukrani. Sahani zilipokuwa tupu, wenyeji wote watatu waliweka vijiko chini na kusema kwa pamoja, “Kimetosha,” kama askari waliokaguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee na lawama pekee iliyoruhusiwa katika nyumba ile. Chakula kiwe kimeungua, kiwe kibichi, kiwe kimechacha, kimetosha.

Baadaye mwanawe alimwonyesha chumba chake na kumweleza mambo yote huku akiliangalia pazia. Ukoo wa mke wake ni wa nyumba moja ndogo ya ibada, naye aliingia alipooa. Masharti si mengi. Mlaji hakisemi chakula. Mpishi haonji, kwa sababu onjo la kwanza ni la Mungu.

“Haonji?” Mama Shughuli alikaa kitandani. “Sasa anajuaje kama kimeiva?”

“Hajui, mama. Anaamini.”

“Anaamini maharage?”

Mwanawe aliweka taulo juu ya kiti, akatoka kwa adabu, na mama yake akasonya mpaka ng'ambo ya ukuta kukasikika.

Asiyemjua Mama Shughuli atasema mgeni huyu ni mkorofi tu. Ni kweli ni mkorofi, lakini alikuwa na haki ya kuzungumzia sufuria. Kwao, kwa miaka mingi, hapakuwa na mtu aliyeoa wala kuzikwa katika mtaa ule bila mkono wake. Alikuwa na masufuria ambamo mbuzi angeweza kujinyoosha. Ulimi wake ulikuwa na kazi mbili, kuonja na kutukana, na zote mbili alizifanya juu ya jiko moja. Binti akikata vitunguu vinene aliulizwa kama ametumia kisu au meno. Anayepeta mchele vibaya aliambiwa akaolewe na kuku. Watu walicheka, na hata aliyetukanwa alicheka, maana mkono ule ulikuwa na ladha na kila mtu alitaka kuwa karibu na sufuria.

Kisha ikaja homa, mwaka uliopita, ikamlaza hoi. Alipoinuka, dunia nzima ilikuwa imezembea upishi. Mkate haukuwa na maana. Supu za watu zilikuwa maji ya kunawa. Akasema chumvi za siku hizi hazina nguvu, wenye viwanda wanachanganya na unga, na kwa sababu hazina nguvu akawa anaongeza. Kwenye harusi moja wageni waliacha nyama kwenye sahani. Nyama! Mwenyekiti wa kamati akamjia na tabasamu lililokunjwa vizuri, akamwambia, “Safari ijayo upumzike, mama, uwaachie vijana.” Vijana wenyewe ni msichana mmoja aliyefundishwa na yeye mwenyewe hata kuosha mchele.

Mama Shughuli alijua ni husuda. Akaona pia kuna mkono wa mtu, akashika jembe na kuchimba kuzunguka mafiga yake kutafuta kilichofukiwa. Alikuta kifuniko cha soda. Akakichoma moto, akanuiza, akasubiri mialiko. Haikuja. Na huyu ndiye atakayekuja kuwacheka watu wanaoamini maharage.

Kazi moja tu ilibaki. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa anaoza binti wa mwisho, na Mama Shughuli alimwambia, hakumuuliza, kwamba atapika yeye. Jirani akasema sawa. Lakini usingizi ulikuwa unamkatika. Itakuwaje kama si husuda? Kulikuwa na ulimi mmoja tu duniani aliouamini, wa mwanawe huyu, ambaye tangu hajaota meno ya ukubwa alikuwa akisimama pembeni ya jiko na kutamka “bado” au “tayari,” na hakuwahi kumdanganya. Ndiyo maana alipanda ndege. Angempikia, mwanawe angeonja, angesema. Akisema ni tamu, angerudi apike harusi ile, na waliokuwa wakinong'ona wangejua hawajui. Akisema si tamu, huko mawazo yake hayakuwahi kufika.

Sasa amefika, anakuta mwanawe amejiunga na dini ya watu wasiosema.

Siku ya ibada walimchukua. Ilikuwa ni ukumbi mmoja juu ya duka la matairi, ngazi nyembamba, harufu ya mpira mpaka kwenye maua ya plastiki. Viti vyeupe vilipangwa kwa mistari, na kila kiti kilikuwa na mtu aliyenyoosha mgongo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kiongozi wao zamani alikuwa muuza magodoro, na bado alikuwa na ile sauti ya kumwambia mteja alale kidogo ajaribu. Alihubiri kwamba kinywa kiliumbwa kwa kushukuru. Alihubiri kwamba anayelalamikia kijiko ataishia kulalamikia pumzi. Mama Shughuli alipiga miayo wazi, bila kuficha kwa mkono.

Halafu kikaja chakula, na hapo ndipo alipoamka. Kila familia ilikuja na chombo chake kimefunikwa. Mbele ya ukumbi kuliwekwa beseni kubwa la bluu, la kufulia nguo kabisa, na mtu mmoja mmoja akapita na kumimina: wali, tambi, samaki wa kukaanga, maharage, kabichi, viazi, na mtu mwingine, Mungu amsamehe, ndizi mbivu. Kiongozi akakoroga kwa upawa. Hapo hakuna anayejua kipi ni cha nani, basi hakuna wa kujivuna na hakuna wa kuona haya.

“Kwetu hii anapewa mbwa,” Mama Shughuli alimnong'oneza mwanawe, kwa sauti ya mnong'ono inayofika mlangoni. “Tena mbwa mwenyewe awe amekosa.”

“Mama, tafadhali.”

Alikula vijiko viwili vitatu. Hakusikia ladha ya samaki, wala ya ndizi, wala ya kitu chochote, na hilo lilimthibitishia kila alichokuwa akifikiri kuhusu watu wale. Alimtazama mwanawe akila kwa utulivu, kijana aliyemlea kwa mapaja ya kuku, na moyo ukamuuma kwa hasira. Mtoto alikuwa ameuza ulimi wake kwa muuza magodoro.

Siku iliyofuata aliteka jiko. Alimtoa mkamwana kwa nyonga, akachambua kabati kama polisi, akakuta kijiko cha chai kilichofungwa kamba kwenye pakiti ya chumvi. Hicho ndicho kipimo cha mkamwana, kijiko kimoja kila sufuria, maana asiyeonja lazima apime. Mama Shughuli alikikata kamba, akakitupa kwenye droo. Akaunga nyama. Alipokaanga vitunguu king'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele darini, naye akakitukana kikanyamaza, au tuseme mkamwana alikipepea kwa taulo kikanyamaza. Kisha akaonja. Alionja makusudi, kwa mlio, akilamba kiganja na kupiga ulimi kwenye kaakaa. Mkamwana aligeuza uso kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani.

Mama Shughuli akatia chumvi. Akaonja. Bado. Akatia tena. Mkamwana alifungua mdomo, akaufunga.

“Una la kusema?”

“Hapana, mama.”

“Nilijua. Nyinyi hamna la kusema, mna la kutosha tu.”

Mwanawe alirudi kutoka kazini jioni, akanawa, akaketi. Mama yake alimpakulia na kukaa mbele yake, viwiko mezani, macho kwenye mdomo wake. Kijana alikula polepole. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Alikunywa maji, akala, akakunywa maji, akaisafisha sahani.

“Kimetosha, mama.”

“Sikukuuliza kama kimetosha. Nimekuuliza kama ni kitamu.”

“Hukuniuliza, mama.”

“Haya nakuuliza. Kitamu?”

Aliisogeza sahani tupu pembeni. “Nashukuru, mama. Umechoka na safari na bado umesimama jikoni.”

“Usinivike kilemba cha ukoka! Bado au tayari?”

Akainuka, akabeba sahani, akaiosha mwenyewe. Mama Shughuli alibaki pale na hasira zake, akimlaumu yule mke mwenye kitambaa, yule mama mwenye kipochi, yule mtu wa magodoro. Walikuwa wamemziba mtoto mdomo kama chupa.

Basi akaamua kumtoa kwenye mikono yao. Alipika tena, akafunga chakula kwenye hotipoti, akamfuata kazini. Karakana ilikuwa uani nyuma ya maduka: mafriji yamesimama bila milango kama watu waliovuliwa mashati, mipira ya gesi sakafuni, vipande vya mabomba ya shaba kwenye ndoo. Mwanawe alikuwa amepiga magoti, ameingiza kichwa ndani ya friji la mtu. Mwenzake, fundi mnene mwenye suruali iliyokatwa magotini, alikuwa anakunywa chai juu ya ndoo iliyopinduliwa. Huyu hakuwa mtu wa ibada yoyote. Alikuwa mtu wa kula.

“Shikamoo, mama! Harufu hiyo imefika kabla yako.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo wewe unayejua harufu.”

Fundi mnene hakungoja sahani. Alichukua pande la nyama kwa vidole, akalitupia mdomoni, akauma mara moja. Taya likasimama. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akageuka kumtazama mwenzake, na mwanawe Mama Shughuli, bado amepiga magoti, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Fundi mnene akakusanya nguvu, akameza kama anameza funguo.

“Mama,” alisema, sauti imekauka, “wewe… wewe mama unajua.”

“Umesikia?” Mama Shughuli alimwambia mwanawe. “Mtu mwenye mdomo wake hujua. Ameshindwa hata kusema!”

Fundi mnene alikwisha kwenda bombani. Alifungua maji na kuinamia, akanywa bila kikombe kwa muda mrefu.

Njia nzima ya kurudi Mama Shughuli alitembea kama bibi harusi. Alipofika alimpigia jirani yake simu. “Waambie waagize mchele,” alisema, “na mbuzi wawe wa uhakika. Mkono upo.” Jirani akasema, “Sawa, mama. Sawa.” Mama Shughuli hakuona ajabu kwamba ameitikia mara mbili.

Kilichobaki ilikuwa ni kuwafundisha hawa watu adabu ya chakula kabla hajaondoka. Akamwendea kiongozi wa magodoro baada ya ibada, akamwambia kwamba safari ijayo atapika yeye, ukumbi mzima, sufuria moja, na beseni lile la kufulia asilione. Watu walitazamana. Lakini kukataa chakula nako ni kukisema, na kupanga masharti juu ya chakula cha mgeni ni kukisema mara mbili, kwa hiyo kiongozi akabaki na njia moja tu. Alishukuru.

Ah, siku ile alifurahi. Alikuwa na jiko kubwa nyuma ya ukumbi, masufuria ya kuazima, wanawake watano wa kuwatukana. Mkamwana alikata vitunguu, akaulizwa kama anajenga nyumba. Bi Shukrani alipeta mchele na kuambiwa anaupeta kama anauomba msamaha, naye akatabasamu na kushukuru. Mama Shughuli alionja kila hatua, akiwa amewageuzia uso ili waone vizuri. Akatia chumvi kwa kiganja. Wanawake wale walikitazama kile kiganja kikijaa na kumwagika, kikijaa na kumwagika, na hakuna hata mmoja aliyepanua mdomo. Hebu wafikirie. Watu wazima, wenye akili za kuhesabu nauli na kujaza fomu za kodi, wamesimama wanatazama bahari inamiminwa kwenye wali, wanatafakari shukrani.

Wakala. Ukumbi mzima, nyuso chini, vijiko juu, bila neno. Yeye alisimama mwisho wa ukumbi, mikono kifuani, akiusikiliza ule ukimya na kuuona mtamu kuliko nderemo. Majagi ya maji yaliisha, yakajazwa, yakaisha. Kiongozi alikuwa anatokwa machozi na kuyaacha yatoke. Mzee mmoja alitafuna kila tonge huku amefumba macho kama anayepigwa sindano. Sahani zikawa tupu zote, na sauti zilizokwaruza zikasema pamoja:

“Kimetosha!”

Bi Shukrani, ambaye nyumbani kwake anajipikia chakula cha mgonjwa na anatembea na dawa zake kifuani, alikuwa ameikwangua sahani yake mpaka ikang'aa. Alisimama kuipeleka jikoni. Akapiga hatua chache, akashika mgongo wa kiti, kisha akakaa chini sakafuni taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu, na sahani ikabingirika mpaka mlangoni.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Walimbeba kwa kiti cha plastiki. Nusu ya ukumbi ilifuata na kujipanga kwenye korido, na muuguzi akatoka nyuma ya pazia, mikono ndani ya glovu, hana muda wa mtu.

“Presha imepanda vibaya sana. Amekula nini leo?”

Wote walitazama viatu vyao.

“Nauliza. Mgonjwa amekula nini?”

“Amekula chakula,” kiongozi alisema, “na kimemtosha.”

Mama Shughuli alishikwa na ghadhabu ya kweli. Mtu amelala pale, pumzi zinapanda ngazi, na majuha haya bado yanalinda sufuria! “Semeni basi, hamna ndimi?” alifoka. “Amekula wali na nyama, nimepika mimi. Kuna ajabu gani?”

“Chumvi ilikuwaje?”

“Sawasawa.”

Muuguzi akaanza kurudi ndani. Na hapo mwanawe, aliyekuwa amesimama ukutani na shati lake la ibada, akasema, “Haikuwa sawasawa, dada. Ilikuwa nyingi. Nyingi mno, hata mtu mzima asiye mgonjwa haiwezi.”

Watu wa ibada waliinamisha vichwa zaidi, kama kwamba kijana ametukana msikitini na kanisani kwa mpigo mmoja. Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akaingia, akavuta pazia. Mama Shughuli alimshika mwanawe kiwiko na kumvuta mpaka mwisho wa korido, penye mtungi wa maji.

“Umenivua nguo mbele za watu.”

“Alitaka kujua, mama. Angempa dawa ya kubahatisha.”

“Na nyama ya kwanza, ile ya nyumbani?”

“Ilizidi.”

“Ya karakana? Mwenzako aliisifu!”

“Hakuisifu, mama. Alikuogopa.” Kijana alijaza maji kwenye kikombe cha karatasi, hakunywa. “Na yale maharage ya mke wangu yalikuwa na chumvi. Kila kitu ulichokiita maji kilikuwa na chumvi yake. Ni wewe mama, tangu ile homa. Husikii ladha.”

Alitaka kusema ni uongo. Aliutembeza ulimi wake mdomoni, akautafuta uchungu wa hasira zake mwenyewe, na hata huo hakuupata.

“Ulikula sahani nzima,” alisema mwishowe. “Mara ngapi sijui. Dini yenu imekufanya mjinga kiasi hicho, unaogopa dhambi mpaka unakunywa bahari?”

“Sikuogopa dhambi.” Alimtazama sasa, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu afike. “Nilikuogopa wewe. Unajua kwa nini nilipenda kwa hawa watu? Siku ya kwanza kwao nilijitia kupika, nikaunguza wali. Ulikuwa mweusi, mama. Wakala wote, mama yake mke wangu akala na ukoko. Hakuna aliyeniuliza kama nina mikono au kwato. Nikaenda nje, nikalia. Mtu mzima, nalia kwa sababu sikutukanwa.”

Ndugu msomaji, jibu alikuwa nalo. Mama Shughuli hakuwahi kukosa jibu. Lakini muuguzi alifungua pazia na kuita kwamba ndugu mmoja anaweza kuingia, na yeye akajikuta ameingia, ili tu asisimame pale.

Bi Shukrani alikuwa na rangi ya karatasi, ila alikuwa hai. Aligeuza kichwa. “Pole, mkwe,” alisema kwa ile sauti ya kubembeleza. “Nimekuharibia siku yako.”

Hilo Mama Shughuli hakuweza kulibeba. Angetukanwa angejua pa kushika. Alisimama pembeni ya kitanda, akamtengenezea shuka lisilohitaji kutengenezwa, na kwa mara ya kwanza alimwona mwanamke huyu si mjinga wala si malaika, ni mtu aliyekula sumu kwa adabu. Alimdharau kwa hilo. Akajidharau zaidi, na hakupenda hata kidogo kujiona hivyo.

Asubuhi iliyofuata alitoka kwenye kibaraza cha ghorofa, penye nguo za kuanika, akampigia jirani yake. Alikuwa amejiandaa. Angesema neno lake kwa heshima, kama mtu anayejiuzulu mwenyewe, na alikuwa tayari kubembelezwa kidogo kabla ya kukataa.

“Ile harusi,” alisema. “Mtafute mpishi mwingine. Mimi mkono wangu sasa… basi, mtafute mwingine.”

Upande wa pili jirani akakohoa.

“Tulishatafuta, mama.”

“Lini?”

“Kabla hujasafiri.”

“Na siku ile nilipokuambia waagize mchele, ukasema sawa?”

“Sasa ningesemaje, mama? Wewe unaambilika?”

Mama Shughuli alikishika chuma cha kibaraza. Chini, mtu alikuwa anaosha gari, maji yakikimbilia barabarani.

“Nani atapika?”

“Yule msichana wako. Uliyemfundisha.”

Yule! Anayeosha mchele kama anafua soksi! Anayekaa jikoni akichezea simu mpaka mchuzi unashika chini! Maneno yote yalikuja mbio, yamejipanga, kila moja limenolewa. Kwenye simu alisikia wanawake wakizungumza na kucheka nyuma ya jirani, ungo ukipigwa, wapo kwenye matayarisho. Mmoja aliuliza ni nani huyo, akajibiwa kwa kunong'onezwa. Kicheko kikakatika, ungo ukatulia, wote wakanyamaza kama mwanawe mezani, wakingoja atukane.